Shamba na zizi katika mvua ya milimita 550: mwongozo kamili kwa mkulima na mfugaji wa kanda kame ya kati

Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukatika Aprili, na katika mwaka wa kawaida huleta milimita 550 hadi 600. Kwa hesabu ya karatasini kiasi hicho kinatosha kuivisha mtama, uwele, kunde, choroko na alizeti. Lakini mvua yenyewe hushuka kwa vishindo vichache, maji yakakimbilia korongoni kabla udongo haujanywa. Halafu kati ya Januari na Februari hukatika wiki mbili au tatu, palepale mahindi yanapotoa mbelewele. Zizini nako hatari ina tarehe yake. Ng'ombe hafi njaa Aprili. Hufa Oktoba na Novemba, nyasi zikiwa zimekwisha na mvua haijafika.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Kongwa mradi mkubwa wa karanga kwa matrekta, na kufikia 1951 ulikuwa umeachwa. Mvua haikutosha, na udongo wa kule ukikauka hugeuka saruji, karanga zikashindikana kung'olewa. Leo Kongwa ni nchi ya ranchi na utafiti wa malisho, jambo linaloeleza vizuri kuliko hotuba yoyote ardhi ile inafaa nini. Mwongozo huu unafuata njia hiyo: shamba dogo lililoandaliwa sana, mifugo michache iliyohesabiwa, bua liende zizini na samadi irudi shimoni.

Hesabu kabla ya jembe

Tuchukue kaya yenye ekari 12 (ekari moja ni hatua 70 kwa 70). Ekari 1 ni ya nyumba, zizi na lambo. Ekari 4 ni za mazao: mtama ekari 2, mikunde ekari 1, alizeti ekari 1. Ekari 7 zinazobaki ni za malisho ya akiba. Wengi watashtuka kuona mazao yamepewa theluthi moja tu ya eneo. Wasishtuke. Ekari 4 zilizochimbwa, zikawekwa samadi na kupaliliwa kwa wakati zinalisha nyumba vizuri kuliko ekari 10 zilizoparuliwa juujuu kwa haraka baada ya mvua ya kwanza.

Ng'ombe wa kienyeji mwenye kilo 250 hula chakula kikavu kama asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6 na robo. Mbuzi wa kilo 30 hula karibu kilo 1. Mei na Juni bado kuna nyasi porini na masalia shambani, hivyo kipindi cha kujiwekea akiba ni Julai hadi Novemba, siku 150. Ng'ombe mmoja anahitaji kilo 940 kwa kipindi hicho, mbuzi mmoja kilo 150.

Sasa angalia ulichonacho. Ekari 2 za mtama hutoa mabua mengi, lakini ukiondoa yanayokanyagwa, yanayoliwa na mchwa na sehemu ngumu ambazo ng'ombe huziacha, weka kilo 500 kwa ekari, jumla 1,000. Majani na maganda ya mikunde kilo 300. Malisho ya akiba yasiyo mazuri sana yanakupa kilo 600 kwa ekari, na nusu yake lazima ibaki ardhini ili nyasi zichipue tena. Hivyo ekari 7 ni kilo 2,100. Jumla kuu ni kilo 3,400.

Kiasi hicho kinabeba ng'ombe watatu na mbuzi wanne. Maksai wawili wa kulimia, jike mmoja wa maziwa, basi. Malisho ya kijiji yachukulie kama nyongeza na usiyaingize kwenye hesabu, kwa sababu Oktoba kila mwenye ng'ombe anayategemea. Mtu mwenye ng'ombe kumi kwenye ekari hizo hana utajiri zaidi ya huyu wa watatu. Ana ng'ombe kumi Aprili, na hajui atakuwa na wangapi Desemba.

Kuyazuia maji yasikimbie

Kazi hii hufanywa Mei na Juni, mara baada ya mavuno, udongo ukiwa bado na unyevu na maksai wakiwa na nguvu. Ukingoja Oktoba utakuta ardhi ngumu na maksai wamekonda, na shamba halitakwisha.

Kwanza tafuta mistari ya kontua, yaani mistari ya usawa inayokata mteremko, kwa fremu A. Chukua fito mbili zilizonyooka za mita 2, zifunge ncha za juu, miguu iachane mita 2 kamili. Kipande cha mita 1 na ziada kidogo ya kufungia kikae katikati, kulala. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni ipite mbele ya kile kipande. Kabla ya kuitumia isawazishe: isimamishe juu ya vigingi viwili, weka alama kamba inapokata kipande, kisha geuza miguu, wa kushoto uende kulia, uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pa usawa. Ukiruka hatua hii utachora mistari yenye mwinuko, na tuta lenye mwinuko ni mfereji wa kuchimbia korongo lako mwenyewe. Siku ya upepo mkali usipime, jiwe halitatulia.

Tembeza fremu shambani, mguu mmoja ukibaki palepale na mwingine ukitafutiwa mahali kamba inapoangukia kwenye alama ya usawa, ukipigilia kigingi kila mguu unapokaa. Kwenye mteremko mdogo mistari iachane mita 20 hivi. Kwenye mteremko unaousikia miguuni unapopanda, mita 10 hadi 12.

Juu ya mistari hiyo chimba matuta ya fanya juu, yale yaliyoenea Ukambani, Kenya. Mtaro uwe na upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, udongo wote utupwe upande wa juu wa mteremko, na kati ya mtaro na tuta uache ukingo wa sentimita 15 ili udongo usirudi shimoni. Ndani ya mtaro acha vizuizi vya udongo kila mita 5 hadi 10, maji yakae badala ya kutembea. Anza na tuta la juu kabisa ukishuka. Ukianza chini, mvua moja ya ghafla kabla hujamaliza italeta maji ya mteremko mzima kwenye tuta hilo moja na kulipasua.

Tuta huharibika mahali pamoja: pale palipo chini kuliko pengine kwa sentimita chache. Maji yote ya mstari hukusanyika hapo, yakapita juu, na baada ya saa moja una pengo la mita. Kwa hiyo baada ya mvua kubwa ya kwanza tembea juu ya kila tuta na jembe mkononi, jaza mabonde, shindilia kwa miguu. Mgongoni mwa tuta panda nyasi za kudumu. Mtaroni, penye maji zaidi, mabingobingo hustawi hata Dodoma.

Tatizo la pili ni tabaka gumu. Plau inayolima kina kilekile kila mwaka, sentimita 12 hadi 15, huacha chini yake sakafu ambayo mizizi na maji havipiti. Chimba shimo dogo na usukume kisu kwenye ukuta wake kutoka juu kwenda chini. Kikikwama sentimita chache chini ya udongo laini, sakafu ipo. Dawa yake ni jembe la kupasulia linalofungwa kwenye mti wa plau (aina ya Magoye ndiyo inayojulikana zaidi), likipasua mistari ya sentimita 20 hadi 25 kwenda chini, bila kugeuza udongo wote. Anayechimba mashimo kwa mkono hana haja nalo.

Mashimo ya Chololo

Mashimo haya yanaitwa kwa jina la kijiji cha Chololo, Dodoma. Kwa shamba dogo hakuna mbinu inayoyashinda, ingawa jasho lake si dogo.

Funga fundo kila sentimita 60 kwenye kamba ndefu, itandaze sambamba na kontua, na chimba shimo kwenye kila fundo: upana sentimita 22, kina sentimita 30. Udongo uweke upande wa chini wa mteremko, ukinge maji. Mstari unaofuata uwe sentimita 90 kutoka wa kwanza, na mashimo yake yapishane na ya juu. Kwa nafasi hizo ekari moja inachukua mashimo kama 7,500. Mtu aliyezoea huchimba 150 hivi kwa siku udongo ukiwa laini, hivyo watu wanne wanahitaji wiki mbili za kazi. Wasipopatikana, chimba nusu ekari mwaka huu na nusu mwakani. Mashimo hutumika misimu miwili hadi mitatu kabla ya kuchimbwa upya.

Chini kabisa tia jivu kidogo kufukuza mchwa, juu yake samadi iliyoiva viganja viwili vilivyojaa (kama gramu 300), kisha masalia ya mazao, na ufunike kwa udongo wa juu. Usilijaze hadi usawa wa ardhi. Lazima ibaki sahani ya kina cha sentimita 10 ya kupokea mvua. Shimo lililosawazishwa na ardhi ni kazi bure.

Samadi ya ekari moja ni kilo 2,250. Ng'ombe wa kienyeji anayelala zizini kila usiku huacha hadi tani moja ya samadi kavu kwa mwaka, kwa hiyo wale watatu wa hesabu yetu wanalisha ekari moja ya mashimo mapya kila msimu na kubakiza kidogo kwa bustani. Hapa ndipo zizi linapolipa, hata jike akiwa amekauka maziwa.

Samadi mbichi isiingie shimoni. Huunguza miche na imejaa mbegu za magugu, na kibaya zaidi ni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, kwa sababu mbegu zake hupita salama tumboni mwa ng'ombe. Irundike kivulini, inyunyizie maji, ifunike kwa majani, igeuze kila wiki tatu, ikae miezi mitatu. Ukichomeka fimbo katikati ya lundo baada ya wiki moja na kuitoa, iwe moto mkononi. Ikiwa baridi, lundo ni kavu mno au dogo mno.

Mbolea ya dukani ifuate baada ya samadi, isitangulie. Kizibo kimoja cha soda cha DAP kwa shimo wakati wa kupanda, kama gramu 6, kinamaliza kilo 45 kwa ekari, karibu mfuko mzima wa kilo 50. Iweke pembeni, isigusane na mbegu.

Mbegu, na siku ya kupanda

Mahindi yana heshima yake mezani, lakini Dodoma ni kamari. Yakikosa maji siku chache za mbelewele hayafidii tena. Mtama husimama, hukunja majani, hungoja, na mvua ikirudi huendelea. Mbegu za Macia na Tegemeo zinakomaa mapema na zina nafaka nyeupe ya ugali. Wahi na Hakika ni za mashamba yenye kiduha. Kwa uwele kuna Okoa na Shibe. Kituo cha utafiti cha Hombolo, nje ya Dodoma mjini, ndicho chenye kazi ya mtama na uwele, na ni pazuri pa kuulizia mbegu halisi.

Pima uotaji kabla ya msimu. Weka mbegu 100 kwenye kitambaa kilicholowa, kikunje, kiweke kivulini siku tano. Zikiota 80 au zaidi, sawa. Zikiota 60, ongeza mbegu kwa shimo. Chini ya hapo usizipande.

Weka mbegu 5 kwa shimo, kina sentimita 3 hadi 4. Kwa mashimo 7,500, kilo 2 za mtama zinatosha pamoja na za kujazia mapengo. Mtama na uwele unaweza kuzipanda kavu, wiki moja au mbili kabla ya mvua, lakini zizamishe sentimita 5 ili kimvua cha mchana mmoja kisiziamshe zikafa kwa kiu. Mikunde usiipande kavu. Anayengoja mvua asidanganywe na tope la juu. Achimbe shimo dogo, na unyevu ukiwa umefika shibiri moja kwenda chini, apande siku hiyohiyo, si wikiendi.

Siku 14 hadi 21 baada ya kuota, palilia na upunguze miche ibaki 3 kwa shimo. Palizi hii ikichelewa, zile za baadaye haziokoi kitu, kwa sababu magugu yatakuwa yameshakunywa maji uliyoyachimbia mashimo. Palizi ya pili ni wiki ya tano.

Kiduha kitoe kwa mkono kabla hakijachanua. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, na hukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikingoja. Zungusha mtama na mikunde au alizeti kila msimu. Shamba linalorudishiwa mtama mwaka baada ya mwaka bila samadi ndilo shamba la kiduha.

Kisha kweleakwelea. Ndege mmoja hula karibu gramu 10 za nafaka kwa siku, na huja kwa maelfu hadi mamilioni. Kundi la ndege milioni moja humaliza tani 10 kwa siku moja, na kombeo la mtoto haliwezi hilo. Kinachosaidia ni majirani wote kupanda wiki moja, nafaka iive pamoja na hasara igawanyike. Aliyewahi peke yake na aliyechelewa peke yake ndio wanaoliwa. Makundi makubwa yatolewe taarifa kwa afisa kilimo mapema, yakiwa bado kwenye makazi yao, kwani kunyunyiza dawa kwa ndege ni kazi ya serikali. Mtama mwekundu wenye ukakasi hauwavutii sana, ila soko lake ni dogo.

Ukivuna, usiweke nafaka ghalani kwa kuitazama kwa macho. Chukua chupa kavu ya soda, tia punje theluthi yake na kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka bado ina maji na itaota sumukuvu. Ikibaki chini huru, fungasha kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ukikandamiza hewa kutoka tabaka moja baada ya jingine. Tundu moja la panya linaondoa faida yote ya mfuko huo, kwa hiyo uweke juu ya chaga, mbali na ukuta.

Mabua ni chakula, yasiachwe shambani

Kata mabua ndani ya wiki mbili baada ya kuvuna masuke, yakiwa na ukijani. Yakikaa hadi Agosti yanabaki kuni. Yafunge, yasimamishe juu ya kichanja chenye paa la nyasi, kimo cha mita moja kutoka chini kwa ajili ya mchwa. Wakati wa kulisha yakatekate kwa panga vipande vya sentimita 5. Ng'ombe anayepewa bua zima huchagua majani na kulalia mengine.

Kuyaboresha, tumia yurea. Kwa kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwa, yeyusha kilo 4 za yurea kwenye lita 50 za maji. Tandaza tabaka la mabua kwenye shimo lililotandikwa turubai la plastiki, nyunyizia kwa kopo lenye matundu, kanyaga, tandaza jingine, hadi mwisho. Funga kabisa, kandamiza kwa udongo. Baada ya siku 21 fungua: yawe rangi ya kahawia, laini, yenye harufu kali ya amonia. Yakiwa na ukungu mweupe, hewa iliingia, na sehemu hiyo tupa. Yaanike saa moja au mbili kabla ya kulisha, anza kidogo kwa wiki nzima. Ndama wa chini ya miezi sita wasipewe, wala punda. Na ndoo ya maji ya yurea isiachwe bila mtu, kwa sababu ng'ombe mwenye kiu akiinywa anakufa.

Hatari nyingine imo kwenye mtama wenyewe. Machipukizi yanayotoka kwenye visiki baada ya mavuno, na mtama mchanga ulionyauka kwa ukame, vina sianidi. Ng'ombe akiingia shambani na njaa, anahema kwa nguvu, anatetemeka, anaanguka, wakati mwingine ndani ya saa moja. Usiruhusu mifugo kugusa machipukizi yaliyo chini ya sentimita 60. Mabua yaliyokauka vizuri hayana tatizo hilo.

Ngitili: kufunga malisho ili yafunguliwe Julai

Wasukuma wa Shinyanga na Simiyu wana desturi ya ngitili: eneo la malisho linafungwa mvua inapoanza na kufunguliwa nyasi za nje zikiisha. Ilikuwa imekufa sehemu nyingi hadi mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 na kuifufua kwa ngazi ya kaya na kijiji. Mwaka 2002 ulipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Kondoa walipita njia nyingine. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka, na uoto ulirudi kweli, lakini wenye ng'ombe walilazimika kuihamishia kwingine. Kwa kaya, ngitili ina akili zaidi.

Funga ekari zako 7 Novemba. Zungushia minyaa, vipandikizi vya sentimita 60 vikipandwa karibukaribu kabla ya mvua, vikiwa vimekaa kivulini siku chache utomvu ukauke. Utomvu huo ukiingia machoni ni hatari kubwa, hivyo kata ukiwa umeelekeza uso pembeni. Ndani, gawanya sehemu tatu. Mei, mvua zikiisha, lima kinga moto ya mita 3 hadi 5 kuzunguka eneo lote. Moto mmoja wa Agosti unaondoa kilo 2,100 za akiba kwa mchana mmoja.

Sehemu moja uvune nyasi za kukausha. Muda wake ni zinapochanua, kabla mbegu hazijakomaa, Machi mwishoni hadi Aprili. Kata siku za jua, geuza, kausha siku mbili hadi tatu. Sanduku la mbao lisilo na kitako, lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kimo 45, likijazwa na kukanyagwa sawasawa juu ya kamba mbili hutoa robota la kilo 15 hadi 20. Nyasi zikifungwa na umande hupata moto ndani na kuota ukungu, na ng'ombe mwenye mimba akila ukungu huo anaweza kutupa mimba.

Sehemu mbili zilizobaki fungua kwa zamu, moja Julai, nyingine Septemba. Toa mifugo nyasi zikibaki sentimita 10, na mvua ya kwanza isiwakute ndani, kwa kuwa chipukizi la kwanza likiliwa, shina hudhoofika.

Penye vipara, chimba makinga maji ya nusu mwezi: upana wa mdomo mita 5, kutoka mdomo hadi mgongo wa duara mita 2.5, tuta la sentimita 30 hadi 50, mdomo ukitazama juu ya mteremko. Ndani papalia kidogo na umwage mbegu za nyasi aina ya Cenchrus ciliaris, kilo 2 kwa ekari, zikichanganywa na mchanga mkavu. Zifunike chini ya sentimita 1. Makosa yanayorudiwa ni mawili: kuzizika kwa jembe, na kutumia mbegu zilizovunwa majuzi. Mbegu za nyasi hii hulala miezi sita na zaidi baada ya kuvunwa, kwa hiyo panda za mwaka jana. Mwaka wa kwanza usilishe kabisa.

Miti usiinunue. Kwenye ngitili kuna visiki vya mgunga vinavyochipua kila mwaka na kuliwa. Chagua mashina mawili au matatu yaliyonyooka kwenye kila kisiki, kata mengine, pogoa matawi ya theluthi ya chini, funga kitambaa cha rangi ili wachungaji wajue kisiki hicho kina mwenyewe. Dodoma kazi hii inajulikana kwa jina la Kisiki Hai. Mizizi ipo tayari, hivyo ukuaji wake unaacha mbali mche wa kitaluni. Maganda ya mgunga yaokote Septemba, yaweke kwenye magunia, mpe mbuzi anayenyonyesha.

Ngitili isiyo na karatasi huvamiwa. Omba hati miliki ya kimila kwa halmashauri ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na hakikisha eneo limeandikwa kama malisho kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji. Faini ya atakayeingiza mifugo iwe kwenye sheria ndogo, siyo kwenye maneno ya mkutano.

Maji ya kunywa

Ng'ombe hunywa lita 30 kwa siku ya kiangazi, mbuzi 4. Mifugo yetu ni lita 106 kwa siku, karibu lita 16,000 kwa siku 150. Paa la bati la mita za mraba 60, kwa mvua ya milimita 550 na upotevu wa asilimia 20, hutoa lita 26,400. Hayo waachie watu.

Kwa mifugo chimba lambo kwenye mfinyanzi: juu mita 13 kwa 13, chini mita 4 kwa 4, kina mita 3. Linachukua lita 237,000, na mtu mmoja akichimba mita mbili za ujazo kwa siku ni siku 120 za kazi, kwa hiyo ungana na majirani. Kina hicho si anasa, jua la Dodoma hunyonya zaidi ya mita moja ndani ya kiangazi. Kwenye mlango wa maji chimba shimo la kuchujia mchanga, mita 2 kwa 2, kina mita 1, ulizoe kila mwaka. Weka njia ya maji ya ziada iliyo chini kuliko ukingo, iliyopandwa nyasi. Kama linavuja, tandaza mfinyanzi wa sentimita 20, ulowanishe, ushindilie. Ng'ombe wasiingie lamboni. Chota, uwape kwenye hori nje ya uzio. Kuchota mtoni kwa mashine au kuchimba kisima kirefu kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde.

Afya na kuuza

Ogesha kila wiki wakati wa mvua, kupe wakiwa wengi. Toa dawa ya minyoo mara mbili, kabla ya mvua na baada. Chanjo za homa ya mapafu, chambavu, kimeta na sotoka ya mbuzi na kondoo zifuate ratiba ya afisa mifugo wa kata. Ya ndigana kali hutolewa mara moja kwa maisha. Kuku wapewe chanjo ya kideri ya matone ya jicho kila miezi mitatu. Antibayotiki za kuchoma kwa kubahatisha ziachwe.

Juni mwishoni pima akiba yako ya mabua na marobota kwa kuyahesabu, rudia ile hesabu ya kilo 940. Anayezidi auzwe Juni au Julai akiwa na mafuta, iwe mnada wa karibu au kwa kujiunga watu kadhaa kujaza lori la mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Oktoba mnunuzi ndiye anayepanga bei, na mbuzi aliyenunua magunia Juni hununua madebe. Wa kwanza kuondoka ni madume yasiyolima, kisha majike yaliyopitisha miaka miwili bila kuzaa. Maksai usiuze: Mei ijayo ndio watakaopasua shamba.